Nusu ya Chuma Ilikwenda Muyinga

Andika, Zuhura, wala usinipambie maneno. Sikuketi darasani hata siku moja. Bendera ya Wabelgiji iliposhushwa nilikuwa msichana wa kuteka maji, na wenzangu walipopelekwa shule mimi nilipelekwa jikoni. Lugha, hata hivyo, niliirithi kwa baba yangu, mshona kanzu wa hapa Gitega, ambaye hakumruhusu mtu kupanda barazani kwake na maneno yaliyochanika. Basi andika kama nisemavyo. Haya nayatoa kwa mwanamke ambaye asubuhi ya leo ameketi kwenye benchi la hospitali, amejishika kiuno, anawatazama wanaopita wima na anawachukia. Namjua mwanamke huyo. Nimekaa mahali pake.

Mgongo wangu ulivunjika bila mimi kuanguka. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, watu wamekwenda kupanda, nami niliinama uani kunyanyua beseni la maharagwe yaliyolowekwa. Nikasikia ndani yangu sauti ndogo, kama kijiti kikavu kilichokanyagwa na kuku. Beseni sikulitupa, nililirudisha chini kwa adabu, kwa kuwa maharagwe hayakuwa na kosa. Kuinuka ndiko kulikonishinda. Wewe, mjukuu wangu, ulinikuta nimeegemea ukuta kwa viganja viwili.

"Bibi, unatafuta nini ukutani?"

"Natafuta mgongo wangu. Kamwite baba yako."

Baba yako, mwanangu Sudi, akanipeleka hospitali. Huko nilijifunza kwamba benchi lina sheria zake. Anayetoka nje huacha kiatu mahali pake, na kiatu hicho huheshimiwa kuliko mtu. Mgonjwa mpya hakai karibu na mlango hata akilia. Tulisubiri hadi jua likahama kutoka magotini likafika usoni. Kando yangu alikuwapo mama mmoja wa Makebuko, mguu wake umefungwa plasta, hanijui wala simjui. Alivunja muhindi wake wa kuchemsha, akanipa upande wenye punje nyingi. Dawa nilizopewa baadaye nimezisahau majina. Muhindi ule naukumbuka.

Daktari alieleza mengi kwa Kifaransa, nawe ukanifasiria machache: mifupa imekuwa myepesi, na mmoja wa mgongoni umejikunja. Hayo yatosha. Anayetaka zaidi na akamuulize yeye.

Nilivaa mkanda mgumu, mpana kama ubao wa kufundishia watoto Kurani, mvua zote zile. Kanga zangu zilianza kuburuza chini nikadhani pindo zimelegea. Kumbe nguo hazikurefuka. Mimi ndiye niliyefupika. Rafu ya chumvi ilipanda juu bila kuguswa na fundi. Wajukuu ambao jana niliwapapasa kichwani wakawa wananitazama macho kwa macho. Nikaswali juu ya kiti, mimi niliyekuwa nikiwakemea wasichana kwa kusujudu haraka haraka. Na kutoka kwenye kiti hicho nilianza kuitazama migongo ya watu kama mtu asiye na mbuzi anavyotazama zizi la jirani. Mgongo wa muuza maziwa. Mgongo wa shemeji yangu, mvivu yule, asiyenyanyua hata kijiko, lakini ameumbwa kama mlango. Nilijiuliza Mungu anagawa kwa mizani gani.

Katika migongo yote, hakuna ulioniuma kama wa Mwajuma.

Marehemu mume wangu aliuza vitenge, na safari zake zilikuwa na vituo viwili vya kulala: nyumba yangu hapa Gitega, na nyumba ya Muyinga, ambako alimwoa Mwajuma, binti wa Mwakiro, mimi nikiwa nimekwisha kumzalia Sudi. Tumepishana umri kidogo tu, mimi na yeye. Sitasema mengi juu ya ndoa hiyo. Ilikuwa halali. Halali nayo huuma.

Marehemu aliogopa dhuluma kama wengine wanavyoogopa nyoka. Akinunua sukari, ilipimwa mara mbili. Kitambaa kilikatwa katikati hata ua lililochorwa likagawanyika, nusu ya ua Gitega, nusu ya ua Muyinga. Redio ilikuwa moja; ikasafiri. Mwezi huu iliimba kwangu, mwezi uliofuata iliimba kwake, na kila iliporudi ilikuwa na vumbi la barabara ya Karusi ndani ya sauti yake. Alipokuwa anafariki alimwusia Sudi neno moja: kinachoingia nyumba hii, kiingie na ile. Msomaji na aukumbuke wasia huo.

Nyumba yetu ina desturi pia. Siku ya karamu, sufuria ya kwanza ya pilau haiepuliwi na wapishi. Mke mkubwa hulowesha vitambaa vya gunia, hushika masikio mawili ya sufuria, huitoa motoni peke yake, ndipo watu husema bismillahi na kuanza kupakua. Kazi hiyo niliipokea kwa mama mkwe wangu mikono yake ilipochoka, na sikumwachia mtu. Idi iliyofuata kuvunjika kwangu nilikuwa kitini, nimefungwa mkanda, nikimngoja Sudi atangaze kwamba mwaka huu desturi ipumzike. Badala yake Mwajuma alitoka katika kundi la wageni wa Muyinga, akajifunga kanga kiunoni, akasema kwa Kiswahili chake cha Mwakiro:

"Dada, we kaa tu. Mi nitaitoa, iko sawa."

Akaitoa. Mgongo wake ulinyooka mbele ya moshi kama mchi uliosimamishwa ndani ya kinu. Wanawake wakapiga vigelegele, na nusu ya vigelegele hivyo vilitoka katika koo za ndugu zangu. Watu walisema pilau ya mwaka ule ilikuwa nzuri. Mimi nilikula majivu.

Kiangazi kilipoingia mkanda ulivuliwa, nikapelekwa kwa kine. Ndivyo tunavyowaita hapa wale wanaofundisha viungo kufanya kazi upya. Wangu alikuwa msichana mfupi, Goreti, mwenye mikono ya mtu aliyelelewa na jembe. Alinizunguka kama anayenunua ng'ombe.

"Bibi, mifupa yako iko na njaa."

"Inakula nini?"

"Uzito. Buhoro buhoro, polepole, lakini uzito."

"Uzito ndio ulionivunja, binti yangu."

"Ulikuvunja ju uliinama vibaya. Alors, sasa tutanyanyua vizuri."

Tukaanza na mchi wa kutwangia isombe, majani yetu ya muhogo, kwa kuwa ndio uliokuwa nyumbani. Aliniambia: usijipinde kama mtu anayepanda maharagwe, sukuma makalio nyuma kama anayefunga mlango huku mikono imejaa, kifua mbele, mchi ukipita karibu na mapaja kama unayepiga pasi nguo yako mwenyewe. Siku za mwanzo nilitetemeka kama ndama, na hodi ya jirani iliniaibisha. Lakini kiangazi kilipokuwa kinazeeka, mchi ulikuwa umepungua uzito. Goreti alisema haukupungua. Akasema sasa umefika wakati wa kutafuta chuma: fimbo na sahani zake, vile ambavyo vijana hunyanyua.

Sudi alikataa. "Mama, watu watasema nini? Mama mzima anapiga vyuma kama mlinzi wa baa?"

"Watasema amesimama."

Majuma yale yale posa yako ililetwa, Zuhura, nayo harusi ikapangwa kiangazi kitakachofuata, mavuno ya maharagwe yakiisha. Wote mlipiga hesabu ya wageni na nguo. Mimi sikuwaza mahari wala bwana harusi. Niliwaza sufuria. Ikiwa siku hiyo nitakuwa kitini, Mwajuma atajifunga tena kanga kiunoni, na mara ya pili si msaada. Mara ya pili ni cheo.

Nyuma ya soko kuna Mkongomani mmoja wa Uvira, Papa Amani, mlokole, mwenye banda la vitu vilivyotumika vinavyoshuka na makontena. Nilikwenda na wewe na Goreti, siku yake ya mapumziko.

"Koko, bibi yangu, karibu! Unatafutia mutoto?"

"Natafutia mgongo."

Alicheka mpaka akashika nguzo, kisha akatuburutia fimbo ndefu ya kung'aa. "Iyi njo ya wanaume wenyewe. Ata tembo anaweza kuninginia."

"Tembo hatujamwalika," nikamwambia. Nilikuwa nimekuja na kamba niliyoipima chumbani kwangu, kutoka kitandani hadi kabatini, nikaifunga fundo. Fimbo ya wanaume ilipita fundo kwa mbali, na ikiwa tupu ilikuwa nzito kuliko mchi na kinu kwa pamoja. Goreti akaisukuma pembeni. Akachagua iliyo fupi na nyembamba, akanishikisha: kidole gumba kikutane na cha kati, la sivyo mkono wa mzee utaiachia. Mahali pa kushika pawe na mikwaruzo midogo, maana jasho ni mafuta. Kisha akaibingirisha kwenye saruji ya banda, nasi tukainama kuitazama, yaani wao waliinama, mimi nilipiga magoti. Fimbo iliyopinda huyumba ikibingirika, kama mlevi anavyojitangaza kwa hatua zake. Yetu ilikwenda moja kwa moja hadi kwenye kiatu cha Papa Amani.

Sahani ndizo zilizotugombanisha. Zilikuwapo za plastiki zilizojazwa saruji, nzuri kwa macho. Niliigonga moja kwa pete, ikatoa unga kwenye ufa kama muhogo ulioliwa na wadudu. Nikataka chuma kitupu. Nyingine tundu lake lilikuwa pana, ikacheza juu ya fimbo kama bangili ya mama kwenye mkono wa mtoto. Hiyo nayo tukaikataa. Halafu nikaziona kubwa mbili nyekundu.

"Zile," nikasema.

"Oya," akakataa Goreti. "Utachukua hizi ndogo ndogo, mbili mbili, zinazolingana. Ndogo ndizo zitakupandisha."

"Nimesema zile."

"Bibi, zile unataka kuzinyanyua kwa ajili ya nani?"

Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu, nalo linakaa Muyinga. Nikaendelea kuzitazama. Papa Amani, ambaye alikuwa na macho, akazifunika sahani nyekundu kwa gunia. "Koko, minasema kweli ya Mungu: izo zitakungojea. Anza na mutoto, mukubwa atakuya." Akatuongezea vibanio viwili vya kufungia ncha za fimbo, ili sahani zisiteleze. Tukaacha vyote bandani, Sudi avipakie kwenye gari lake la mizigo.

Sudi alikuwa na safari ya Muyinga kesho yake. Aliporudi aliniletea fimbo, na katika kila sahani mbili, moja.

"Mwenzake yuko wapi?"

"Muyinga, Mama."

"Amekwenda kufanya nini?"

"Usawa, Mama. Baba aliusia."

"Sudi. Nani amevunjika?"

"Ni wewe, Mama."

"Nani amevaa mkanda mvua nzima?"

"Wewe."

"Na dawa?"

"Dawa imeingia nyumba hii," akasema, uso wake umejaa amani ya baba yake, "ikaingia na ile. Kwa kuwa fimbo haikatiki, nimeiacha kwa mkubwa. Mama Mdogo nimempa vibanio."

Mtu hawezi kumchapa mwana mwenye mvi ndevuni. Nilikaa na fimbo yangu mapajani kama mchungaji asiye na kondoo. Maisha yangu yote nimegawana: sukari, kitambaa, sauti ya redio, mwanaume. Ugonjwa peke yake ndio nilioupata mzima. Niliugua peke yangu, na dawa tukagawana.

Kwa hasira nilivisha sahani moja upande huu wa fimbo, upande wa pili nikaning'iniza kikapu cha mawe. Fimbo ikakaa kama mizani ya mwizi. Nilipoinua, upande mmoja ulishuka, sahani isiyo na kibanio ikakimbia, ikamega sakafu, ikaja kulala chini ya kitanda. Goreti alipoyaona yale alininyang'anya sahani zote. "Fimbo tupu," alisema. "Mpaka sahani ziwe mbili mbili, fimbo tupu." Hivyo mvua zikarudi zikanikuta na fimbo tupu.

Wewe ulikwenda Muyinga kuwaalika, ukarudi na habari. "Bibi Mdogo ameziweka sahani juu ya mfuniko wa pipa la maji, panya wasiufunue." Ulicheka uliposema hayo. Andika kwamba ulicheka. Dawa yangu inalinda maji ya mtu dhidi ya panya! Ukaniuliza kwa nini nisipige simu tu, nikaomba niletewe. Kumwomba mke mwenza ni kuinama, nami daktari alinikataza kuinama.

Siku moja, katikati ya mvua, lango la lupango, ua wetu huu, likafunguka. Mafuta ya magari yalikuwa adimu wakati huo. Watu walilala kwenye vituo wakingoja basi. Mwajuma aliingia akiwa na beseni kichwani juu ya kata ya kanga, shingo haitikisiki, viatu vimejaa tope. Ulikimbia kumpokea, akakuzuia kwa mkono. Alishuka kwa magoti, polepole, kama ngamia anavyoshuka, akalitua beseni. Ndani zilikuwapo sahani, na vibanio juu yake vimefungwa kwa uzi.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Nusu yangu."

"Nilidhani umeniletea yangu."

"Yako si iko hapa? Mi nimeleta yangu, ju fimbo iko kwako. Sudi alisema hii chuma inanyoosha mgongo."

"Na wako umepinda lini?"

Akacheka, meno yote nje. "Yoo! Dada, we nipe chai kwanza."

Akakaa. Katika miaka yote ya ndoa hatujapata kulala chini ya bati moja isipokuwa siku za karamu na za msiba. Sasa niliamka na kuikuta sauti yake jikoni kabla ya yangu. Chai yake ilisifiwa. Kisa alichokisimulia kwa Kiswahili kilichovunjika vunjika kiliwachekesha wajukuu ambao mimi, kwa Kiswahili kilichonyooka, niliwalaza usingizi. Wewe mwenyewe ulianza kumwuliza yeye mambo ya ndoa. Nilisikia. Masikio yangu hayakuvunjika.

Asubuhi, baada ya kufagia, tuliweka fimbo juu ya magogo mawili, ili tusiishukie chini mno, tukavisha sahani ndogo, yeye upande wake na mimi upande wangu, tukafunga vibanio. Mkubwa alitangulia. Nilipomaliza, jasho likinidondoka kwenye kope, yeye alinyanyua kama anayeokota kanga iliyoanguka kutoka kambani, akashusha, akasema, "Iko nyepesi." Nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Kisha asubuhi moja nilimfuata chumbani kumwambia maji yamechemka, na mlango ulikuwa wazi kidogo. Alikuwa amefunga ncha ya kitenge kwenye nondo za dirisha. Ncha ya pili aliikandamiza kiunoni, naye akawa anajizungusha, polepole, anajiviringisha ndani ya kitenge kile kama uzi kwenye kibiringo, akivuta kwa nguvu zake zote kila anapogeuka. Alikuwa bado hajafika kifuani. Kutoka kifuani kwenda juu mgongo wake ulikuwa umepinda kama wangu. Ulikuwa umepinda kuliko wangu.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

Hakugeuka. "Tangu Idi."

"Idi ipi?"

"Ile ya sufuria, Dada. Nilisikia kitu ndani, tak. Nikataka kuiachia. Ila watu walishaanza vigelegele."

"Na hukusema?"

"Ningesema kwa nani? Zamu ya kuugua ilikuwa yako."

Ewe uliye kwenye benchi, ningependa kukuambia kwamba nilimhurumia. Huruma ilikuja, lakini ilikuja ya pili. Wivu ulikuwa umekwisha kukaa kitini. Mimi nilipovunjika, hata jamaa wa Mutaho walipata habari siku hiyo hiyo. Nilibebwa, nilipikiwa uji, nililaza nyumba nzima macho. Yeye alivunjika mbele ya moto, akaitua sufuria bila kumwaga punje, akaketi na kula pilau akicheka nami. Hata ugonjwa wangu alitaka nusu yake. Na nusu yake aliibeba vizuri kuliko nilivyobeba yangu.

"Fungua kitenge hicho," nikasema.

"Dada, nikikifungua nitaanguka."

"Utaangukia kwangu. Fungua, tunakwenda hospitali."

Benchi lilikuwa lile lile. Alipotoka nje kidogo, mgonjwa mwingine alitaka kukaa mahali pake. Nilivua kiatu changu nikakiweka pale, nikamtazama yule mtu mpaka akaondoka. Nilinunua muhindi wa kuchemsha, nikauvunja. Upande mmoja ulikuwa na punje nyingi. Nilisita kabla ya kumpa. Nilimpa.

Goreti alimrudisha mwanzo kabisa, kwenye mchi, na kwa muda wa mvua zile nilikuwa mbele yake. Sitaficha kwamba nilifurahi. Yeye na mchi, mimi na fimbo. Yeye na fimbo tupu, mimi na sahani ndogo mbili. Nilimsahihisha magoti yake kuliko Goreti alivyomsahihisha. Lakini Mwajuma ni mtu wa kufika. Mwezi wa Ramadhani tulipunguza, tukawa tunanyanyua baada ya futari, mara chache kabla ya tarawehe. Idi ile Sudi alimpa mpishi sufuria, wala hakuna aliyelia. Maharagwe yalipoanza kukauka mashambani, sahani alizonyanyua zilikuwa zile zile nilizonyanyua mimi. Goreti akasema mbele yangu, "Mama Mwajuma anasikia haraka." Nikaomba niongezewe sahani siku hiyo. Akakataa.

Kimo hakikurudi. Anayekuahidi kwamba utarudi ulivyokuwa anakudanganya, hata akiwa amevaa koti jeupe. Rafu ya chumvi ilishushwa na fundi, haikushuka yenyewe. Ila kiti cha swala nilikirudisha sebuleni. Siku niliyosujudu tena na paji la uso likagusa mkeka, nilikaa pale chini zaidi ya ilivyopasa, na hakuna aliyethubutu kuniuliza.

Harusi ikafika. Goreti, ambaye alialikwa, aliniwekea sharti: sufuria ya kati, si ile kubwa ya zamani, na isiinuliwe na mtu mmoja. Sudi akapendekeza wakwe wawili vijana washike kwa niaba yangu. Nilimwambia akaangalie wageni. Sikio la kulia lilikuwa langu. Swali lilikuwa la kushoto. Msichana mwenye nguvu angeinua upande wake kwa pupa, na pilau yote ingenimwagikia mimi; fimbo ilinifundisha jambo hilo kwa kumega sakafu yangu. Nilihitaji mtu ambaye nguvu yake naijua mpaka sahani ya mwisho. Niliwatazama wanawake wote waliosimama kuzunguka moto, mmoja mmoja, nikitumaini kumpata mwingine.

"Mwajuma," nikasema. "Sikio la kushoto."

"Dada, mi napenda la kulia."

"La kulia ni la mkubwa."

"Haya. Iko sawa."

Tulilowesha vitambaa vya gunia. Tukasukuma makalio nyuma, vikongwe wawili mbele ya moto, wasichana wakaziba midomo kwa kucheka. "Cheka tu," Mwajuma akawaambia, "zamu yenu inakuja." Kisha akaniangalia, nami nikamwangalia, tukainua. Sufuria ilitoka. Mfuniko haukucheza. Tuliitua juu ya mawe, nikasema bismillahi kwa sauti yangu mwenyewe, na vigelegele vilipopanda sikuweza kujua vipi vilikuwa vyangu na vipi vilikuwa vyake. Hilo liliniudhi kidogo hata siku ile.

Siku hizi chuma kinasafiri kama redio ya marehemu: mwezi huu Gitega, mwezi ujao Muyinga. Tofauti ni kwamba nasi tunasafiri nacho, kwa sababu hakuna kati yetu anayekubali mwenzake apate mwezi mzima wa kumtangulia. Kesho Sudi anatupakia. Nimezifunga sahani mwenyewe, zote, mbili mbili.

Wewe uliye kwenye benchi, tafuta fimbo inayotosha mkono wako, anza na sahani za kitoto, na umtafute mtu ambaye hutaki akushinde.

Zuhura anasema, kalamu mkononi, kwamba masikio yote mawili yalitoka motoni pamoja. Yeye alikuwa bibi harusi, amefunikwa uso, atajuaje? Upande wangu ulitangulia. Andika hivyo. Andika kwanza, ndipo ucheke.